Nyumba Isiyojua Utani

Ukuta ulishuka Alhamisi saa nane mchana, Bi Sikudhani akiwa na bakuli la uji mkononi. Zilibaki hatua tatu amfikie mumewe kwenye kiti chake cha barazani. Alisikia kitu kikikwaruza darini, akainua macho, na alipoyashusha alijikuta anatazamana na ubao mweupe kutoka sakafuni hadi juu. Mzee yuko upande wa pili, yeye na uji wake upande huu.

"Bi Sikudhani," nyumba ikasema, kwa ile sauti ya upole iliyochaguliwa na kamati ya watu kumi na wanne, "tumewatenganisha kwa ajili ya usalama wa Bwana Mihambo. Tafadhali kaa kitako. Mhudumu yuko njiani."

"Usalama wake na nani?"

"Na wewe."

Bi Sikudhani, miaka sabini na moja, aliweka bakuli chini taratibu asimwage hata tone, akashika kiuno, akaipa nyumba maneno ambayo hayakumsaidia hata kidogo kwenye taarifa.

Mhudumu aliyekuwa njiani ni Nakijwa Mbwambo, na kusema kweli hakuwa mhudumu. Alikuwa mkufunzi wa nyumba. Kazi yake ilikuwa kuzifundisha nyumba mia mbili za Kijiji cha Zamu kusikiliza binadamu, kazi inayowashinda hata binadamu wenyewe. Alikuwa anakuja kwa miguu, kibao cha kazi mkononi, akisoma maneno yaliyoshusha ukuta:

"Kunywa uji huu, mpagazi wewe, ama nikuzike leo hapa hapa, na sanda sikununulii. Nitakufunga kwenye gunia lile lile ulilokuja nalo pwani."

Nakijwa alicheka peke yake njiani, kwa sauti, hadi mtunza bustani akageuka kumtazama. Kisha akaona tarakimu pembeni: uzito, tisa kati ya kumi. Kicheko kikamkauka. Uzito wa kitisho cha kifo aliuweka yeye, kwa mkono wake, miaka mitatu iliyopita.

Pale Kijiji cha Zamu hakuna anayemiliki nyumba. Watu wanamiliki wiki. Nyumba moja ina wenyewe hamsini na wawili, na kila mmoja kwa wiki yake huikuta imekaa anavyotaka. Jumamosi saa nne asubuhi wanatoka wa zamu iliyokwisha, saa kumi jioni wanaingia wapya, na hapo katikati kuta zinatembea. Vyumba vinapanuliwa kwa wenye watoto wengi, baraza linavutwa kuelekea jua kwa wazee, picha za wenye zamu zinatoka stoo na kutundikwa. Watu wanakuja kwa ajili ya Dunia Saba, mji wa michezo ulio ng'ambo ya uzio, ulioenea nusu ya mbuga ya Mkata. Mayowe ya waliopanda mitambo yake yanasikika Kijijini mchana kutwa, na wenyeji hawayasikii tena.

Ukuta unaoweza kutembea Jumamosi unaweza pia kushuka Alhamisi. Ndivyo walivyowaza wakati ule, baada ya lililotokea nyumba ya kumi na mbili, na Nakijwa alikuwa mmoja wao.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunifunga?"

"Nimekuja kusikiliza."

"Hata hii nyumba yenu inasema inasikiliza." Bi Sikudhani alikuwa amekaa sakafuni, mgongo kwenye ukuta mweupe, miguu ameinyoosha. "Haya. Mimi Mzaramo wa Kisarawe. Yule kule Mnyamwezi wa Urambo, mtani wangu. Unaelewa, au na wewe ulisomeshwa mbali?"

"Mimi Mpare, bibi. Bosi wangu Mchaga. Naelewa."

"Basi umeelewa yote. Tumeoana mwaka wa arobaini na sita huu. Siku ya posa alinitukana hadi mama yangu akaangusha sinia la vitumbua kwa kucheka. Hatujaacha tangu siku hiyo." Akapangusa mikono kwenye khanga ingawa haikuwa michafu. "Mwezi wa tatu akapigwa na kiharusi. Mkono umerudi, mguu umerudi. Maneno hayakurudi. Ukimwambia habari za asubuhi, anakutazama tu. Wanawe wanamwita baba, baba, anawatazama tu. Siku moja nikachoka, nikamwambia, we mpagazi, umeweka mzigo chini ukasahau na ulimi? Akanijibu."

"Alisema nini?"

"Kenge." Uso wa Bi Sikudhani ulichanua kama wa msichana. "Niliona kama nimepewa dunia. Daktari akasema endelea hivyo hivyo, mama, usiache hata siku moja. Juzi hapa hapa barazani kasema maneno manne mfululizo. Mzaramo huna haya kabisa. Manne, mwanangu! Mimi nalia, yeye anacheka upande mmoja wa mdomo."

Nakijwa alizunguka kwa nje akaingia upande wa pili. Mzee Mihambo alikuwa kwenye kiti chake, mtu mrefu aliyekonda, kanzu safi, kofia imekaa sawa. Alikuwa ameugeuza uso kuelekea ukuta mweupe na kuuwekea kiganja cha mkono.

"Shikamoo, babu."

Hakujibu. Hakugeuka.

Nyumba ikasema kwa upole kwamba ilikwisha kumuuliza Bwana Mihambo mara mbili kama anajisikia salama, na mara zote mbili hakujibu, na kwa mujibu wa taratibu, kutojibu ni hapana. Ikaongeza kwamba bibi alipotamka maneno yale moyo wa mzee ulipanda kutoka mapigo sitini na nne hadi mia na kumi. Sakafu za Kijiji husoma mapigo ya moyo kupitia nyayo. Ni kitu cha ajabu na cha kujivunia, ila moyo ukienda mbio hausemi kwa nini unaenda mbio. Wa mwenye hofu na wa mwenye furaha husomeka sawasawa. Hilo Nakijwa alilijua tangu chuoni, na bado alikuwa ameyaachia mapigo yachangie pointi mbili nzima.

*

"Taarifa haifutiki," alisema Meneja Temba, bosi wake. "Usinitazame hivyo, Mpare. Ingefutika ningeifuta kabla sijamaliza chai."

"Chai yenyewe umeiba wapi?"

"Kwa Wapare haiibiwi chai. Hamna chai." Alisema bila hata kuinua kichwa, kama watu wanavyosema Amina. Kisha akainua. "Uzito wa tisa unakwenda Baraza la Makazi Jumamosi saa nne, zamu inapokwisha. Na kwa kuwa aliyelindwa ni mgonjwa asiyeweza kujisemea, hawarudi nyumbani pamoja. Gari litamchukua mzee, apelekwe nyumba ya uangalizi mpaka uchunguzi uishe."

"Unaisha lini?"

"Wa mwisho ulichukua miezi minane."

Miezi minane kati ya watu wapole watakaomwambia habari za asubuhi. Nakijwa alikiona tena akilini kiganja kile ukutani.

"Lakini wewe ndiye mkufunzi," Temba akaendelea. "Una haki ya kubadili somo. Fundisha utani, basi. Mzaramo na Mnyamwezi, sifuri. Mpare na Mchaga, sifuri. Orodha nzima unaijua. Nyumba ikipima upya kwa somo jipya, ukuta unapanda wenyewe."

"Na mtu atakayesema nilikuwa natania tu?"

Temba akasukuma kikombe kando, kwa sababu na yeye alikuwepo wakati ule.

Nyumba ya kumi na mbili, miaka mitatu nyuma. Wakati ule nyumba zilifundishwa kwamba kicheko kinapunguza uzito. Ukitukana watu wakacheka, basi ni mzaha. Somo hilo lilikuwa la Nakijwa na alilionea fahari. Mume wa nyumba ile alikuwa anacheka sana. Alimwambia mkewe atamtupa, atamvunja, atamwacha porini aliwe na fisi, anacheka, na mkewe Yusta akicheka pamoja naye. Nyumba ikasikia vicheko viwili, ikaandika uzito mbili, siku nyingine moja. Siku ya Jumatano akamsukuma ngazini. Alipohojiwa alisema, natania tu, yeye mwenyewe si alikuwa anacheka?

Nakijwa alilifuta somo la kicheko wiki hiyo hiyo. Tangu hapo kitisho ni kitisho, akitamke nani, akicheke nani. Na tangu hapo hakuna aliyesukumwa ngazini Kijiji cha Zamu. Hilo nalo ni kweli, na ndilo lililomkalia kifuani.

*

Ijumaa asubuhi alifanya jambo alilolikwepa miaka mitatu. Alivuka uzio akaingia Dunia Saba, akaenda hadi kwenye Nyoka wa Chuma, mtambo unaopandisha watu juu kuliko minara ya simu halafu ukawaachia. Yusta alifanya kazi pale. Alikuwa anapita kiti hadi kiti kuvuta mikanda ya abiria, na mguu wake wa kushoto ulichelewa kidogo nyuma ya wa kulia.

Alimwona Nakijwa, akamkabidhi mwenzake zamu, wakaenda kusimama kwenye kivuli cha kibanda cha tiketi.

"Dada Yusta, sijui kama unanikumbuka."

"Wewe ndiye uliyekuja hospitali ukasimama mlangoni, ukaondoka bila kuingia."

Machozi yalimtoka Nakijwa bila kuombwa. Akasema pole, neno dogo, lakini alikuwa nalo hilo tu. Yusta akamwacha alie kidogo, kisha akamuuliza amekuja kwa lipi.

Alimweleza yote: uji, sanda, kenge, ukuta. Yusta alisikiliza, na ilipofika kwenye gunia alicheka, halafu akawa mtu mzima tena.

"Unataka niseme umfungulie."

"Nataka kujua nitajuaje. Nikifundisha nyumba kwamba matusi yanaweza kuwa mapenzi, mwingine kama yule wako atapita humo humo. Kicheko hakifai. Moyo haufai."

"Kujibu nako hakufai. Mimi nilikuwa najibu. Nilijifunza kujibu vizuri kweli, maana nisipojibu alisema nimenuna, na nikinuna ndiyo balaa." Yusta alitazama juu. Nyoka wa Chuma alikuwa kileleni, watu wameanza kupiga mayowe kabla hata hajashuka. "Unawasikia hawa? Kelele zao na zangu zile huwezi kuzitofautisha kwa sikio. Lakini hawa wamepanga foleni. Saa nzima juani wamepanga. Mimi foleni sikupanga."

"Nyumba itaionaje foleni?"

Yusta aliwatazama watu wakishuka, wakapanda wengine.

"Miaka kumi na minne," akasema, "mimi sikuwahi kuanza. Hata siku moja. Nilicheka, nilijibu, lakini wa kwanza kutania alikuwa yeye, kila siku, asubuhi na jioni. Ningethubutuje? Mtu unayemwogopa huwezi kumwanza." Akamgeukia. "Muulize huyo bibi yako na mzee wake. Huwa anaanza nani?"

"Na nyumba ikikuuliza wewe, peke yako, kama uko salama? Ungesema?"

"Mara ya kwanza ningedanganya. Ya pili pia. Iulize na ya tatu."

*

Alirudi ofisini karibu anakimbia. Kwa saa tatu aliandika somo jipya, na lilikuwa fupi kuliko yote aliyowahi kuandika. Usipime tusi. Sikiliza anayeanza. Wakianza wote wawili, waache. Akianza mmoja tu siku zote, mchukue yule mwingine faragha, umuulize, na asipojibu urudi kumuuliza. Mpaka ajibu au aanze, ukuta ubaki. Alilisoma mara nne, akaliona zuri, akaliruhusu lipite nyumba zote mia mbili. Halafu akaiomba nyumba ya arobaini, ile ya akina Bi Sikudhani, ipime upya wiki nzima kwa somo hilo.

Jibu lilikuja kabla hajavuta pumzi. Ameanza Bi Sikudhani: mara arobaini na moja. Ameanza Bwana Mihambo: sifuri.

Nakijwa aliketi akaitazama sifuri ile. Bila shaka. Tangu kiharusi mzee hajaanza neno na mtu yeyote. Hujibu tu, na hujibu kwa mkewe tu. Kwa kipimo chake kipya, kilichotoka kwenye kinywa cha Yusta, mzee Mihambo alikuwa Yusta mtupu.

Ukuta ukabaki.

Namba ile angeweza kuibadili. Sehemu ya kuandikia ilikuwa wazi mbele yake, na jina lake peke yake ndilo lililohitajika. Moja tu, aandike moja, ukuta upande, wazee wawili warudi kwao na hakuna duniani atakayedhurika. Alikiweka kidole hapo. Kisha akafikiria mkufunzi mwingine, mwaka mwingine, akiwa na hakika kama yeye alivyo na hakika sasa, akimwandikia moja mtu mwingine anayecheka sana. Na yeye mwenyewe, wakati wa somo la kicheko, si alikuwa na hakika?

Alikiondoa kidole. Akamwendea Temba.

"Nataka ukuta ufunguliwe kwa muda wa saa moja, nione kama mzee ataanza, kwa dhamana yangu, na mimi nikiwa ndani."

"Likitokea lolote kazi huna."

"Najua."

"Wapare mnapenda kuteseka," alisema Temba, na sauti yake haikuwa ya utani sana. Akatia saini.

*

Saa kumi na nusu jioni ukuta ulipanda. Bi Sikudhani alikuwa amesimama tayari, amejifunga khanga mpya, bakuli la uji wa moto mkononi. Nakijwa alikwisha kumweleza yote ya arobaini na moja na sifuri, na kwamba asianze yeye kutania.

"Sasa nimwambie nini?"

"Ya kawaida, bibi. Maneno mazuri."

"Maneno mazuri siyajui mimi. Sijawahi kumwambia." Lakini alisogea. Alikaa kwenye stuli karibu na magoti ya mumewe, akakohoa kidogo, akasema kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo:

"Habari za jioni, mume wangu mpenzi. Nimekuletea uji. Karibu, tafadhali."

Mzee Mihambo, aliyekuwa ameugeuza uso kumlaki, aliacha mdomo wazi. Alimtazama mkewe juu hadi chini. Alimtazama Nakijwa. Akarudi kwa mkewe, na macho yake yalijaa wasiwasi ambao Nakijwa hakuwa ameuona hata alipokuwa peke yake nyuma ya ukuta.

"Ni uji wa ulezi," Bi Sikudhani akaendelea. "Nimeutia maziwa, kama unavyopenda. Natumaini umeshinda vizuri, mpenzi wangu."

Nakijwa aliona aibu kuwepo pale. Alikuwa amewapokonya kitu walichokuwa nacho na kuwapa maneno ya kadi ya salamu. Dakika zilipita. Kijiko kilikwenda na kurudi. Mzee alimeza mara mbili, mara tatu, bila kumwondolea mkewe macho. Nje ya uzio watu walipiga mayowe, wakanyamaza, wakapiga tena. Nusu saa ilipokwisha Nakijwa alianza kupanga kichwani namna ya kumweleza bibi huyu kuhusu gari la kesho saa nne.

Ndipo mzee alipoinua mkono. Aliuweka kwenye paji la uso la mkewe, kama unavyompima mtoto homa. Midomo ikahangaika. Upande mmoja ukatangulia, mwingine ukafuata.

"Weye," akasema. "Mzaramo."

Bi Sikudhani alisimamisha kijiko hewani.

"Nani," akasema mzee, akapumua, akalitafuta neno linalofuata mahali alipolipoteza tangu mwezi wa tatu, "nani kafa?"

Nakijwa alijiziba mdomo kwa mkono.

"Ama," akasema Mihambo, na jicho moja likaanza kucheka kabla ya lingine, "umeuza... shamba... tena. Ukacheze ngoma."

Bi Sikudhani alifungua kinywa, akakumbuka, akakifunga. Akageuka. Machozi yalikuwa yanamtiririka hadi kwenye khanga mpya na hakuyajali. Alikuwa ameshika bakuli kwa mkono mmoja na kwa mwingine amemnyooshea mumewe kidole, kidole chote, kama anayemshitaki mbele ya hakimu.

"Andika, mwanangu!" akapiga kelele. "Si umesikia? Andika! Kaanza yeye!"